Nyumba ya Vyoo Viwili

Alhamisi, tarehe 23 Machi 2084. Asubuhi hiyo Tukuyu iliamka na mvua. Haikuwa ile ya kishindo, bali ile nyembamba iliyochanganyika na ukungu, isiyojua kukoma, inayolowesha hata nguo iliyokunjwa kabatini. Mlima Rungwe haukuonekana. Miteremkoni mashine za kuchuma chai zilisimama kimya, maji yakizitiririka mgongoni, kama ng'ombe waliosahauliwa malishoni.

Mwalimu Ambokile Mwasomola aliamshwa na kibofu chake, akamshukuru Mungu kabla hajafumbua macho.

Ulikuwa mwaka wa pili sasa anafanya hivyo. Wengine hushukuru kwa kuamka, yeye alishukuru kwa kuamshwa. Chini ya kitovu alisikia ule uzito mdogo, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi mara moja na kungoja. Akavaa koti, akachukua fimbo kwa kuwa nyayo zake zilikuwa hazisikii ardhi, akatoka nje.

Nyuma ya nyumba palikuwa na vyoo viwili vilivyoshikana ukuta. Cha kwanza alikijenga alipooa. Cha pili alikijenga mwaka juzi, na majirani walicheka mpaka wakachoka. Walisema nyumba ya Mwalimu wa bendi kila tumbo lina choo chake. Hakuwaeleza kitu. Watu watatu tu wa nyumba ile ndio waliojua kwamba baba na binti hushikwa na haja dakika ile ile, asubuhi, mchana na jioni, na kwamba choo kimoja hakiwezi kungoja wawili.

Alipomaliza aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole. "Umeamkaje, Subi?"

Kila siku jibu lilikuwa lile lile: "Sikuamka, baba. Umeniamsha wewe." Kisha hucheka, kila mtu upande wake wa ukuta.

Leo ukuta ulinyamaza.

Akazunguka jikoni. Subilaga, binti yake wa pekee, mwenye miaka ishirini na minne, alikuwa amechuchumaa chini ya upenu, mikono imezama kwenye beseni. Alikuwa akifua shuka. Kwenye kamba zilikuwa zimeanikwa kanga mbili, gauni la kulalia na foronya ya godoro. Hakuna mtu wa Tukuyu anayefua vitu hivyo mvua ya Machi ikinyesha, maana havitakauka mpaka vinuke. Anayevifua siku kama hiyo ni mtu asiye na hiari.

Moyo wa Mwalimu ukarudi kwenye jambo alilokuwa analitafuna kwa wiki tatu.

Bendi ya matarumbeta ya kanisa lao ilikuwa na desturi ya zamani kuliko mwanachama yeyote aliye hai. Ukiondoka kwenye mstari wimbo ukiwa haujaisha, unaweka chombo chako mezani. Hukipati tena mpaka usimame mbele ya wote na kusema kwa mdomo wako kilichokuondoa. Ukisema kuhara, wanacheka na kukurudishia. Ukisema ulimwona mdai wako dirishani, wanacheka zaidi na kukurudishia. Kinachotakiwa ni kusema. Subilaga alikuwa ametoka mbio katikati ya wimbo, akarudi baada ya robo saa akiwa amebadilisha sketi, akaweka tarumbeta yake mezani na kukataa kusema neno. Wiki tatu chombo kilikuwa pale pale. Na baba yake, kwa kuwa ndiye mwalimu na hakutaka kuonekana anapendelea damu yake, alisema mbele ya watu wote, "Pumzi fupi ni dalili ya siri ndefu." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Sasa alijikohoza. "Subi, mwanangu. Ni nani?"

"Nani nini, baba?"

"Aliyekupa mimba. Sitakugombeza. Nitajie jina tu, twende kwao kwa heshima."

Subilaga aliikamua shuka polepole mpaka tone la mwisho. "Ningekuwa na mimba ningekuambia," alisema. "Mimba ina mwisho, baba."

Akaitundika shuka, akapita mbele yake bila kumtazama, akaingia ndani.

Mkewe, Mama Subi, alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi. Alikuwa amesikia yote.

"Baba Subi," alisema, "wewe ni mtu wa masikio. Mtu akikosea sauti kwenye mstari wa nyuma, unamjua. Kwa mwanao umezibika."

"Niambie basi."

"Ni mikojo. Ilianza Krismasi, mara moja kwa wiki. Kisha kila alalapo. Sasa hata mchana. Hasikii. Hasikii kabisa, kama wewe ulivyokuwa husikii."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Alinishikisha Biblia nisiseme." Mama Subi alishusha mwiko. "Nimekaa na kiapo hicho miezi mitatu. Leo kimenishinda. Mungu atanihukumu akitaka."

*

Kisukari kilikuwa kimemjia Mwalimu kama mwizi mwenye subira. Kilichukua kwanza vidole vya miguu, kimoja kimoja, na kwa kuwa haviumi hakujali. Kisha kikachukua nyayo. Kisha, bila homa wala maumivu, kikaifikia ile mishipa ya fahamu inayokwenda kibofuni. Kibofu kilijaa wala hakikumwambia. Kilimwagika wala hakikumwambia.

Alijua kwa kuangalia nyuso za watu. Ilikuwa mazishi ya mzee wa kanisa, miaka mitatu iliyopita. Amevaa suruali ya rangi ya maziwa, yuko mbele ya bendi na tromboni yake, wimbo wa tatu. Aliona akina mama wa mstari wa kwanza wakitazama chini, halafu pembeni, halafu mmoja akivuta kanga puani. Ndipo alipotazama miguu yake. Kabla hajajua la kufanya, Mzee Kipesile, mpiga tuba, mwenye tumbo kama ngoma na mdomo usiopumzika, alijikwaa nyuma yake, akafungua vali ya tuba na kumwagia miguuni maji ya pumzi yaliyojikusanya ndani yake. "Samahani sana, Mwalimu," alisema kwa sauti ya watu wote. "Nimekulowesha mzima mzima, mimi mzee mpumbavu." Watu wakacheka. Mwalimu naye akacheka, na katika siku zake zote tangu hapo alilishukuru tumbo lile zembe lililomwokoa bila kujua.

Mwaka mmoja baadaye alitiwa uzi.

Ulikuwa mwembamba kuliko unywele. Ulipitishwa kwenye uti wa mgongo, ukaishia kwenye kisahani cha ukubwa wa kifungo cha koti, chini ya ngozi ya kiuno. Uzi wa pili, ndugu yake, ulipitishwa kwenye uti wa Subilaga. Siku hiyo binti aliapa kanisani, katika ibada ya watu wachache, kwamba atakuwa mwenza wa baba yake katika mwili. Hakuna aliyetaja ni sehemu gani ya mwili. Mchungaji alisema "afya ya mzazi", na ikatosha.

*

Fundi wa mishipa pale zahanati ya uzi, alikokwenda Mwalimu mchana huo huo, alikuwa mwanamke wa makamo kutoka Pangani, jina lake Zawena. Alimwamkia Mwalimu shikamoo, akamkalisha, akakipitisha kioo chake juu ya kiuno cha mzee. Mistari miwili ikatokea kiooni, mmoja wa buluu na mmoja mwekundu.

"Huyu wa buluu ni wewe," alisema. "Mwekundu ni binti. Hahitaji kuwapo, uzi wake unaniletea habari kutoka popote alipo."

"Nieleze kama mtoto, Fundi. Walinieleza siku ile nikaitikia tu, kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kupona."

Zawena alivuta kiti. "Kibofu chako hakina ubaya mkubwa. Aliyekufa ni mjumbe. Sisi mafundi tunaweza kupima kibofu kimejaa kiasi gani, hiyo ni rahisi. Kitu tusichoweza ni kutengeneza hisia yenyewe. Ubongo haupokei namba, unapokea hisia, na hisia inatoka kwenye mshipa ulio hai. Kwa hiyo kibofu chako kikijaa, uzi unauuliza mshipa wa binti yako. Mshipa wake unajibu, naye anasikia haja hiyo, na jibu linarudishwa kwako. Tunaliazima."

"Na lazima wa damu yangu."

"Wa mtu baki mwili unaukataa ndani ya wiki." Alinyoosha kidole kwenye mstari mwekundu, uliokuwa umechakaa kama kamba ya ndoo. "Mshipa wa mtu mzima hujibu mara sita, saba kwa siku. Huu unajibu za kwake, halafu za kwako. Umekuwa ng'ombe mmoja ndani ya nira ya wawili. Tulidhani utaweza. Kwa wengi unaweza. Kwake umechoka, na ukichoka, uzi ndio unavuta kwanza. Kinachobaki ndicho chake."

"Kimebaki kiasi gani?"

Zawena aligeukia kioo. Alirudisha mistari nyuma, miezi ikapita kiooni kama mashamba yanayoonekana dirishani mwa basi. Akasimama mahali mstari mwekundu ulipojaa meno ya msumeno. "Jumamosi, tarehe kumi na mbili Februari. Siku moja, mara thelathini na moja. Siku hiyo ulikunywa nini, Mwalimu?"

Ilikuwa harusi ya mpwa wake. Alikunywa togwa bilauri nne, akala keki, akashushia chai yenye sukari ya kusimamisha kijiko. Zamani, kabla ya uzi, aliogopa kila kikombe. Baada ya uzi aliona kikombe ni kikombe tu. Sukari ikipanda, kiu inapanda, na maji yanayoingia lazima yatoke. Alikumbuka sasa kwamba Subilaga hakucheza harusi ile. Alisimama karibu na mlango mchana kutwa, mkono tumboni, akimtabasamia kila macho yao yalipokutana.

"Ukifunguliwa sasa," Zawena alisema, "huenda nusu ikamrudia. Huenda. Sitakudanganya kwamba nina hakika, wenza walioharibika hivi bado ni wachache. Ninachojua ni kwamba kila siku inayopita, hiyo huenda inapungua."

"Na mimi?"

"Utarudi ulikokuwa. Uzi ukishatoka njia yake hufunga kovu. Hautiwi tena."

Mwalimu alitazama dirisha lililotota ukungu. "Yeye mwenyewe hawezi kuomba afunguliwe?"

"Anaweza hata leo. Nimempigia mara nne. Ananiambia kiapo si koti, kwamba mtu atavua jua likitoka."

"Basi nifungue mimi. Sasa hivi."

Zawena alifungua droo, akatoa karatasi moja. "Mashahidi watatu, watu wazima, wasio wa nyumba yako. Mbele yao useme kwa mdomo wako uzi ni wa kazi gani, kwa nini unautoa, na kwamba unaahidi kuutoa. Ubonyeze kisahani, kitasikiliza na kuniletea. Na useme kwa maneno ya kawaida, Mwalimu. Ukisema 'matatizo ya kiafya' mashine itakukataa. Kuna watoto waliwatoa wazazi wao uzi kwa nguvu na kusema mzee amekubali, ndiyo maana sheria ikawa kali."

"Nitaje mkojo?"

"Utaje mkojo."

Mwalimu alikunja karatasi mara nne. "Jumapili ni Pasaka," alisema taratibu. "Alfajiri tunapiga makaburini. Mwanzo wa ibada ni tromboni peke yake, na baada ya hapo ni saa nzima na nusu tumesimama. Miaka thelathini na moja nimeipiga sauti ile ya kwanza. Nifungue Jumatatu."

"Jumamosi saa kumi na mbili jioni nafunga mlango, naenda kwetu Pangani wiki mbili. Mama yangu mgonjwa."

"Wiki mbili si nyingi."

"Kwako ni wiki mbili," alisema Zawena, na hakuwa na ukali. "Kwake ni kukujibu mara mia nyingine."

*

Siku ya Ijumaa Kuu, ibada ilipokwisha na watu kutawanyika na miavuli yao, Mwalimu alibaki kwenye benchi la mbele, akapiga magoti.

Aliomba apone. Aliomba kwa maneno aliyoyazoea, kisha kwa maneno yasiyo na mpangilio, kisha kwa kulitaja jina la Bwana tu. Mvua iliendelea juu ya bati. Mara ya pili aliomba Subi apone na yeye abaki hivi hivi, na hata wakati anaomba alijua kwamba anamwomba Mungu wawili kutoka kwenye mshipa mmoja. Mara ya tatu alijisikia akiomba wiki mbili. Wiki mbili tu, Bwana, nipige Pasaka hii. Alipolisikia ombi hilo likitoka kinywani mwake alinyamaza, maana halikuwa na uso wa kumtazama Mungu.

Hapakuwa na jibu. Alikuwa mtu wa sala tangu ujanani, na mara nyingi alikuwa amengoja, lakini kungoja kule kulikuwa na mtu upande wa pili. Leo ilikuwa kama kupiga tarumbeta ndani ya gunia.

Subilaga aliingia polepole, akaketi benchi lile lile, nafasi ya mtu mmoja kati yao. "Mama amenituma. Chakula kinapoa."

"Nakuja."

Wakakaa. Na pale pale hodi ikagongwa chini ya kitovu chake, mara moja, kwa adabu. Kwa mazoea Mwalimu alimgeukia binti yake, maana zamani wangeinuka pamoja, na Subi angesema, "Haya, twende, saa yako imelia."

Subilaga alikuwa anatazama madhabahu. Hakusikia kitu.

"Subi. Hujasikia?"

"Sijasikia kitu tangu juzi, baba."

Wakati Subi anasema hivyo Mwalimu aliliona jambo, kabla ya binti mwenyewe. Mstari mwembamba wa maji ulitoka chini ya benchi, ukafuata mfereji wa saruji kuelekea mbele. Subilaga aliuona uso wa baba yake, ndipo akatazama chini. Alijua kwa kuangalia uso, kama baba yake alivyojua siku ile ya mazishi.

Mwalimu alivua koti, akaliweka sakafuni na kulikanyaga ili linyonye. Chini ya kitovu hodi iligongwa tena, nzima, safi, na aliona haya kuisikia.

"Mpigie Fundi," alisema. "Nakuomba. Mwambie akufungue."

"Sitaweza kukurudisha pale."

"Pale wapi?"

"Makaburini. Nilikuwa mstari wa tatu, nina tarumbeta. Niliuona mgongo wako, baba, jinsi ulivyonyooka. Ulikuwa umelowa mpaka kwenye viatu na uliendelea kupiga, mgongo umenyooka kama fimbo. Nikasema, Mungu wangu, kama kuna kitu changu kinaweza kuzuia hili, chukua." Alifuta uso kwa upande wa kanga. "Basi alichukua. Nitalalamikaje?"

"Hukuniambia. Nikakutania mbele ya watu."

"Ningesema nini, wangeuliza ugonjwa umetoka wapi. Wangefika kwako." Alijaribu kucheka. "Na tarumbeta haina shida pale mezani. Haili."

Mwili ulimhimiza Mwalimu. Aliinuka na fimbo yake, akaenda chooni nyuma ya kanisa, akajisaidia kwa mshipa wa mwanawe, akalia humo ndani mpaka Mama Subi alipokuja kumtafuta.

*

Jumamosi saa nane mchana bendi ilikutana kwa mazoezi ya mwisho. Walikuwa tisa. Mvua ilikuwa imepumzika na ukungu ulikaa madirishani. Mezani, juu ya kitambaa cheupe, tarumbeta ya Subilaga ililala peke yake. Mwenyewe alikuwa amesimama nje ya mlango, kama alivyofanya wiki zote hizi, kwa kuwa asiye na chombo haingii mstarini.

"Mwalimu," Mzee Kipesile alisema, akiikumbatia tuba yake, "mrudishie mtoto chombo chake. Alto imebaki na Ikupa peke yake, na Ikupa akivuta pumzi wimbo unakufa."

"Wewe ukivuta pumzi madirisha yanajifunga," Ikupa akamjibu. Alikuwa muuza ndizi wa sokoni, mwenye mashavu ya kazi. Wakacheka.

Mwalimu alinyanyua tromboni. "Wimbo wa kwanza," alisema. Walianza. Walipofika ubeti wa pili, mahali tromboni inapochukua sauti ya juu, aliishusha, akatoka kwenye mstari. Wimbo ukayumba na kusimama. Alitembea mpaka mezani, akailaza tromboni kando ya tarumbeta.

Hakuna aliyecheka. Mwalimu hakuwahi kuweka chombo mezani.

Alitoa karatasi ya Fundi mfukoni, akaikunjua, halafu akaona hahitaji kuisoma. Alipeleka mkono kiunoni na kukibonyeza kisahani. Kililia mara moja, kama kifaranga.

"Nitasema kilichoniondoa," alisema. "Mzee Kipesile, Ikupa, na wewe Syabumi wa ngoma, naomba muwe mashahidi wangu, sheria inataka watatu. Mimi nina kisukari. Hilo mnalijua. Msilolijua ni kwamba kimeua mishipa yangu ya chini. Nakojoa bila kujijua. Miaka miwili hii mmeniona mkavu kwa sababu mwanangu ananiazima mshipa wake kwa uzi. Sasa mshipa wake umekwisha. Anajikojolea yeye, kwa ajili yangu. Siku ile alipotoka mbio, hiyo ndiyo iliyomtoa. Hakusema kwa sababu alikuwa ananisitiri mimi, na mimi nikamfanyia mzaha mbele yenu."

Mahali fulani tone lilidondoka kutoka kwenye tromboni.

Mzee Kipesile alikuwa wa kwanza. Aliweka tuba chini, jambo ambalo magoti yake hayakulipenda. "Mwalimu wangu," alisema, na sauti yake haikuwa na mzaha kabisa. "Tuba haina maji mengi namna ile."

Mwalimu hakuelewa mara moja. Kisha akaelewa.

"Ulijua."

"Nilikuwa na chupa ya maji ya kunywa mfukoni. Niliimimina yote."

Mwalimu aliwatazama mmoja mmoja. Ikupa alikuwa anatazama viatu vyake. Syabumi alikuwa anatazama ngozi ya ngoma.

"Wote?"

"Tulijua, Mwalimu," Ikupa alisema. "Mwaka ule wote. Akina mama walikuwa wanakuachia kiti cha mbao, si cha kitambaa, hukuona? Tulisema, mtu mzima hasemwi jambo lake. Tukisema tutamvunjia heshima. Tukanyamaza kwa kukupenda."

Siri aliyoilinda Mwalimu kwa mshipa wa mwanawe haikuwa siri hata siku moja. Subilaga alikuwa ameunguzwa kama mshumaa mchana, kwenye chumba chenye mwanga. Yeye alinyamaza kwa aibu, wao wakanyamaza kwa adabu, na katikati ya ukimya huo wa pande mbili mtoto akatumika mpaka akaisha. Hakuwa na wa kumlaumu, na kukosa wa kumlaumu kulikuwa kubaya kuliko yote.

Hodi ikagongwa chini ya kitovu. Alijua ni miongoni mwa za mwisho. Alitazama mlangoni. Subilaga alikuwa amesimama pale na kanga yake ya pili siku hiyo kiunoni, hasikii kitu, machozi yakimtiririka bila sauti.

"Desturi inasemaje?" Mwalimu aliuliza.

Waliitikia pamoja, kwa sauti za watu waliofiwa. "Tumesikia."

"Sababu yake ni yangu, na nimeisema kwa mdomo wangu. Mpeni."

Mzee Kipesile aliichukua tarumbeta kwa mikono miwili, akampelekea Subilaga mlangoni, akaishika mpaka vidole vya binti viliposhika. "Saa ngapi Fundi anafunga?" alimuuliza Mwalimu bila kugeuka.

"Saa kumi na mbili."

"Tutakusindikiza sote. Maliza."

Mwalimu alinyoosha mgongo, kama siku ile ya makaburini, akasema polepole ili mashine isikie, na watu wasikie, na aliyenyamaza jana kanisani asikie pia:

"Mimi Ambokile Mwasomola, mbele ya Kipesile, mbele ya Ikupa, mbele ya Syabumi, na mbele za Mungu anayenisikia hata asiponijibu. Leo kabla mlango wa Fundi haujafungwa, nitatolewa uzi. Kesho alfajiri nitasimama mahali pangu, nimefunga nepi, nipige sauti ya kwanza. Nikilowa, nitalowa mbele yenu na nitamaliza wimbo. Kikombe cha sukari sitakigusa. Na wewe Subilaga, sijui kama utapona. Fundi hajui. Nimeomba na sijaambiwa. Lakini mwilini mwako sitakaa tena, hata kwa siku moja, hata kwa Pasaka. Naahidi."